MASHINE IKILALA, MTOTO HASOMI

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa mhunzi ni kweli, kwani ataazima koleo la jirani na kazi itaendelea. Lakini mtoto asiyeona, ambaye mashine yake ya nukta nundu imeharibika katikati ya muhula, ataazima kwa nani?

Swali hili tunalielekeza kwa viongozi wa Mkoa wa Tanga na kwa ndugu zetu wa visiwani, kuanzia visiwa vilivyo mbele ya bandari yetu hadi Pemba.

Hatusemi kwamba hapana lililofanyika. Shule ya wasioona ya Irente, kule Lushoto, na Shule ya Msingi Pongwe, hapa Tanga, zimewapokea watoto ambao zamani wangalikalishwa uani. Zanzibar ilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Bunge la Muungano likatunga yake mwaka 2010. Haki ya kusoma, basi, imekwisha andikwa. Lililosalia ni chombo cha kuisomea.

Sisi tuliopita chuoni twajua kuwa asiyeona aweza kuhifadhi msahafu kwa sikio akawashinda wenye macho. Akili haikai machoni. Lakini shule humtaka mtoto aandike, na mtihani haupimi lililo moyoni bali lililo juu ya karatasi.

Mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, ina vitufe sita vya nukta, na ikitunzwa hudumu miaka mingi. Lakini ni ya chuma, na hewa ya chumvi ya pwani haina huruma kwa chuma. Isiposafishwa na kutiwa mafuta, hukwama na kufungiwa stoo. Shimesikio nalo likikosa betri halina kazi, na kiti mwendo hakifai kitu mbele ya darasa lenye ngazi. Wako wasemao kuwa simu isomayo kwa sauti imeondoa haja ya nukta nundu. Sauti humsomea mtoto. Haimfundishi tahajia wala kuandika.

Kosa letu ni kuvihesabu vifaa siku ya kupokelewa, penye hotuba na picha, kisha tusivihesabu tena. Hapana budi tujirekebishe kwa mambo matatu. Kwanza, kila halmashauri itenge fungu la matengenezo, na mkaguzi wa shule aulize ni mashine ngapi zinazofanya kazi, si ngapi zilizoletwa. Pili, tuwafunze mafundi wetu wenyewe. Aijuaye cherehani hashindwi kuelekezwa mashine hii, na VETA ya Tanga ipo. Tatu, wazazi wasiwafiche watoto. Masheha wa visiwani na wenyeviti wa vijiji wawaandikishe wote, ili Serikali ijue ni vifaa vingapi vinavyotakiwa na viende wapi.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Watoto wa wakati ule leo ni watu wazima, na wengine wana wajukuu. Watoto wa leo hawahitaji kutangaziwa mwaka mwingine. Wanahitaji fundi, fungu la fedha, na kiongozi atakayefungua mlango wa stoo akaona kilichomo.