Kusikia Pasipo Neva

Sikio zima halitoshi kumfanya mtu asikie. Sauti iliyopokelewa na koklea, kile kiungo kilichojikunja mfano wa konokono, sharti ichukuliwe na neva ya kusikia hadi kwenye shina la ubongo. Neva hiyo ikipotea, kifaa cha kukuza sauti hakifai kitu. Hata kipandikizi cha koklea hakifai, kwani nacho huitegemea neva iyo hiyo.

Mwaka 1979, mjini Los Angeles, madaktari William House na William Hitselberger waliipita neva kabisa. Mgonjwa wao alikuwa na maradhi yaoteshayo uvimbe kwenye neva za masikio yote mawili, na kuuondoa uvimbe huo mara nyingi ni kuipoteza neva yenyewe. Wakaweka elektrodi juu ya kituo cha kwanza cha sauti katika shina la ubongo. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha chombo chenye elektrodi 21 kwa wagonjwa wa namna hiyo waliotimiza miaka 12.

Kuna wapendao kuuita ufundi huu “kurejesha usikivu”. Jina hilo limepita kiasi. Neva ya kusikia ina nyuzi zipatazo 30,000. Elektrodi 21 zitashikaje nafasi yake? Tena, katika koklea sauti nyembamba na nene zimejipanga kwa mfuatano, kama vibao vya kinanda, lakini katika shina la ubongo mpangilio huo huzama ndani, ambako elektrodi zilizolazwa juu hazifiki sawasawa. Baadhi yake huleta kizunguzungu au mchonyoto badala ya sauti, nazo huzimwa. Wengi wa wenye chombo hiki husikia hodi mlangoni, na humwelewa msemaji vizuri zaidi wanapoitazama midomo yake. Wafuatao mazungumzo kwa sauti tupu ni wachache. Kwa aliyekuwa kiziwi kabisa, hiyo si faida ndogo.

Hatari iko kwa watoto wazaliwao bila neva hiyo, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wamekuwa wakipasuliwa, huko Verona nchini Italia na kwingineko. Lugha hujengwa katika miaka ya kwanza ya maisha. Mzazi akishauriwa asimfundishe mwanawe lugha ya alama, eti itamfanya mvivu wa kusikia, naye akangojea maneno ambayo huenda yasije, mtoto atakosa lugha zote mbili. Daktari apendekezaye upasuaji huo yampasa amkutanishe mzazi na mwalimu wa viziwi kabla ya siku ya kisu, wala si baada ya miaka mitatu ya kungoja.