Banana: mita tumehesabiwa, maneno ya remorkeri je?

Tangu jiwe la kwanza la bandari ya Banana liliwekwa tarehe 31 Januari 2022, wakubwa wanatuhesabia mita: gati la mita 600, maji ya mita 18. Ni vizuri. Lakini kuna kitu hakisemwe: maneno ya kuingiza meli gatini.

Meli kubwa ikienda polepole, usukani wake haushike tena vizuri. Remorkeri mbili ao tatu ndizo zinaisukuma na kuivuta, na piloti anaziamuru kwa redio. Kapitene ni Mfilipino ao Mhindi, anasikia Kiingereza. Piloti wetu anazoea Kifaransa. Watu wa remorkeri wanajibu kwa Lingala ao Kikongo. Na "vuta kushoto" ni kushoto kwa nani? Remorkeri ikiangaliana na meli, kushoto kwake ni kuume kwa meli. "Vuta kidogo" nayo ni nguvu gani?

Hatari hii si hadithi. Mu Septemba 2016, kule Tuléar, Madagascar, remorkeri Domingue ilipinduka ikisaidia meli CMA CGM Simba. Watu wawili walikufa. Kamba ikivuta remorkeri kwa ubavu, ni sekunde tu. Hakuna nafasi ya kuuliza "umesema nini?"

Shirika la kimataifa la bahari, OMI, lilikubali maneno ya pamoja mwaka 2001. Mu 2003 likaomba piloti akisemesha remorkeri kwa lugha ambayo kapitene haisikie, amuelezee mara inapowezekana. Lakini "mara inapowezekana" inaweza kuwa kisha ajali. Na viwango vya nguvu, kila bandari inaviita namna yake.

Sisi wa sendika za migodi tunajua dawa. Kwenye kisima cha mugodi, mwendesha mashine ya kushusha watu hafuate makelele. Anafuata hesabu ya kengele iliyobandikwa ukutani, na kila mtu, Mukongomani ao Mchina, anaielewa sawasawa.

Basi, mbele ya meli ya kwanza, Banana iandike orodha moja: jina la remorkeri, upande wa meli, kiwango cha nguvu. Anayepokea amri airudilie yote mbele ya kutenda, na akiona hatari awe na haki ya kusema "simama". Watu wa remorkeri wakae mezani wakati inaandikwa, wasiletewe tu karatasi. Amri ikieleweka vibaya, wao ndio wako karibu na kamba.