Herufi Moja, Sauti Ngapi?

Panda matatu pale Ruiru uelekee Thika, kisha tega sikio abiria wanapoutaja mji huo. Mzee wa Kikuyu ataanza na "dh" ya dhahabu, na irabu yake ya kwanza itakaribia "e". Mwenye kusema Kiswahili atatumia "th" ya thamani. Maandishi ni yale yale! Watoto wetu wamekwisha kulisikia jambo hili kabla ya kushika penseli, na bado kuna madarasa ambamo Kiingereza huanzwa kwa kuimba "ei, bii, sii" mpaka makoo yakauke, kisha mtoto anaambiwa asome. Asome nini? Unganisha "sii, ei, tii" uone kama utampata paka. Humpati hata kwa dawa.

Mimi naunga mkono wanaosema mtoto afunzwe sauti za herufi, aziunganishe mwenyewe. Si jambo geni, maana Kiswahili tumekisoma kwa ba, be, bi, bo, bu miaka na mikaka. Mradi wa PRIMR uliijaribu njia hiyo kati ya 2011 na 2014 katika kaunti chache, Kiambu yetu ikiwemo, na mwaka 2015 mpango wa Tusome ukaipeleka katika shule za msingi za umma kote nchini, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Lakini jameni, hapa pana shimo. Kiswahili kina irabu tano na sauti zake ni tano, basi. Kiingereza kina herufi 26 na sauti zipatazo 44. Mdogo wangu wa Gredi ya 2 hulisoma neno "come" kama kome wa baharini. Mtoto huyu ametii kanuni ya Kiswahili kwa uaminifu kabisa, na mwalimu anayemfokea badala ya kumwambia "hapa Kiingereza kimeacha njia" anamwonea bure.

Kuna na hili la "l" na "r". Kikuyu hakina "l", kwa hiyo "lorry" huandikwa "rorry", na darasa zima linaangua kicheko eti ameshrabu. Nakichukia kicheko hicho. Mtoto aliyechekwa mara mbili hasomi tena kwa sauti, na asiyesoma kwa sauti hutajua amekwama wapi. Sikio lake lifunzwe kwanza: mwalimu atamke "rice" na "lice", watoto wainue mkono wakisikia tofauti. Dakika tano tu, tena ni mchezo.

Lililo zito zaidi ni maana. Mtoto wa London akiunganisha sauti za "hen" hukutana na neno alilolijua tangu kunyonya. Wa Kiandutu hupata mlio tu, akautoa vizuri kama kasuku, mwalimu akaweka alama ya vyema na kusonga mbele. Kuku atajwe kwanza, aonyeshwe, aigizwe, ikibidi afukuzwe uwanjani, ndipo herufi zake ziandikwe ubaoni.

Naona chama chetu kina kazi hapa. Jumamosi twaweza kukaa na wadogo zetu mtaani, tuanze na silabi za Kiswahili, kisha tuwaonyeshe pale Kiingereza kinapokata kona. Walio tayari wamwone katibu kabla ya kufunga shule.