Umeme wa jenereta: nani analipia mafuta?

Wasikilizaji wetu wa Kimamba na vijiji jirani, umeme ukikatika, mwenye mashine ya kusaga ana njia mbili: asubiri urudi au awashe jenereta. Kwa nini umeme wa mafuta ni ghali, na nani hasa anaulipia?

Tupige hesabu. Jenereta ndogo ya dizeli ikifanya kazi vizuri hutoa takriban uniti tatu kwa lita moja. Tuseme lita ni shilingi 2,700. Kila uniti itakula shilingi 900 za mafuta peke yake, bado oili, vipuri na fundi. Kwenye LUKU, mteja wa kawaida hulipa karibu shilingi 356 kwa uniti. Tofauti hiyo lazima mtu ailipe: ama mwenye mashine anapunguza faida, ama mama aliyeleta debe la mahindi anaongezewe bei.

Kwa nchi nzima hesabu ni hiyo hiyo. Mwaka 2011 mvua zilipopungua na kina cha Mtera kikashuka, Serikali ilileta mpango wa dharura uliohusisha kukodi mitambo ya mafuta. Taa ziliwaka, lakini TANESCO ilibaki na mzigo wa madeni. Kigoma nako umeme ulitoka kwenye jenereta za dizeli kwa miaka mingi, huku wateja wakilipa bei ile ile ya nchi nzima. Pengo lilibebwa na shirika la umma, yaani sisi sote. Mkoa huo ulianza kuingizwa kwenye gridi ya Taifa Oktoba 2022.

Leo Bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji, lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Je, jenereta zitupwe? Hapana. Umeme unaweza kutosha kwenye gridi, Kimamba ikabaki gizani kwa sababu nguzo imeanguka au transfoma imeungua. Na mama anayejifungua usiku zahanati hawezi kusubiri fundi.

Kwa maoni yetu, jenereta ni kama tairi la spea: unalibeba, lakini huanzi nalo safari. Nguzo imara, miti iliyokatwa chini ya nyaya na transfoma zinazotosha ndivyo vitakavyopunguza siku za kuwasha mafuta. Tuyaulize hayo viongozi wanapoitisha mkutano wa hadhara. Na anayetaka kununua jenereta aanze na hesabu ya lita, ndipo aulize bei ya dukani.