Plaiwudi si ngao, jamani

Wadau, nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Sikuwa mgonjwa wala sijafukuzwa kazi (bado). Nilikuwa Marekani, jimbo la Missouri, kwa kaka yangu, mtoto wa mjomba, ambaye ameishi huko miaka mingi na sasa ni raia. Najua mlitegemea nirudi na picha za maghorofa. Nimerudi na habari ya mbao.

Kaka anapenda mchezo wa shabaha. Si ule wa kusimama sehemu moja na kutoboa duara. Huu wake ni wa kukimbia, kupiga magoti, kuchungulia pembeni ya ukuta na kupiga huku saa inahesabu. Mchezo wenyewe una historia hapo hapo Missouri. Shirikisho la kimataifa la IPSC lilianzishwa mjini Columbia mwaka 1976, na mwaka 1979 John Bianchi akaanzisha mashindano yake, ambayo moja ya mazoezi yake manne ni kupiga ukiwa nyuma ya kizuizi.

Sasa, kizuizi cha kununua ni ghali. Jumamosi moja kaka akaniambia, "Mdogo wangu, leo wewe ni saidia fundi." Tukaenda duka la mbao, tukanunua plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8, unene robo tatu ya inchi, na mbao chache za 2 kwa 4.

Kazi yenyewe fundi yeyote wa Keko anaiweza kabla ya chai ya saa nne. Tulikata futi 2 juu, tukabaki na ubao wa futi 6. Kile kipande kilichokatwa tukakigawa mshazari, tukapata pembetatu mbili za kukaza miguu. Kisha tukachora matundu tisa: mengine ya mlalo, mengine ya wima, mengine yameinama, na moja chini kabisa karibu na ardhi. Mpangilio huo wa matundu tisa unahusishwa sana na Kyle Lamb, mwanajeshi mstaafu wa Marekani anayefundisha watu kulenga. Msumeno wa umeme ukafanya kazi, msasa ukafuata, halafu rangi ili mvua isiuvimbishe. Skrubu tuliziweka mbali na matundu, maana risasi ikigonga chuma huwezi kujua itaruka wapi. Juu ya miguu tukaweka mifuko ya mchanga, upepo usije ukauangusha.

Nilielewa faida yake kwa kuangalia tu. Kila tundu linakulazimisha ukae mkao usioupenda. Lile la chini linakulaza ubavu kama mtu anayetafuta shilingi uvunguni. Mengine yanamtaka wa mkono wa kulia apige kwa kushoto. Mimi mwenyewe sikushika bunduki, kwa sababu sheria ya Marekani kwa kawaida haimruhusu mgeni wa viza ya matembezi kushika silaha. Nilivaa vizuia sauti masikioni, nikakaa nyuma na daftari langu.

Ndipo nikaona kilichonifanya niandike. Mwenzake mmoja kaka, mgeni katika mchezo, alipiga kupitia tundu la mlalo. Kwenye darubini yake njia ilikuwa nyeupe kabisa. Tatizo ni kwamba kwenye bunduki za aina ile darubini inakaa kama inchi mbili na nusu juu ya mtutu. Jicho lilipita tunduni, mtutu ukawa unatazama ubao. Pa! Watu wakacheka. Risasi ilitoboa plaiwudi yetu na kwenda zake mpaka kwenye tuta la udongo, kana kwamba haikukutana na kitu.

Mimi sikucheka. Nilikwenda kuangalia lile tobo. Kidole changu kidogo hakikuingia. Nikakumbuka mkutano mmoja wa siasa niliotumwa kuripoti, siku risasi za moto zilipoanza kulia. Unajua nilijificha wapi? Nyuma ya kibanda cha mbao cha muuza vocha. Nilichuchumaa pale karibu dakika kumi, nikaandika na aya ya kwanza ya habari, moyoni nikijisifu kwa akili. Mbao za kile kibanda zilikuwa nyembamba kuliko plaiwudi ya kaka.

Kanuni za IPSC zinasema kuta na vizuizi vya uwanjani vihesabiwe kuwa havipenyeki, isipokuwa kama maelezo ya zoezi yanasema vingine. Kwa mchezo ni sawa, bila hivyo kila mtu angepiga kupitia ukuta. Lakini risasi haijasoma kanuni. Mtu akijificha nyuma ya plaiwudi mara elfu moja na kila mara akapewa alama kwa kujificha vizuri, mwili wake utajifunza nini? Kwamba ubao ni salama. Siku ya kweli mwili hautauliza akili.

Nilimwambia kaka hivyo. Akajibu, "Mdogo wangu, huu ni mchezo tu, nani asiyejua kwamba mbao inatoboka?" Kaka, mimi sikujua. Nina digrii na kitambulisho cha uandishi, na sikujua. Nilijua kama maneno, mwili haukujua.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Wenye mchezo waendelee kutengeneza vizuizi vyao, ni rahisi na vinafundisha mengi. Ila kila kizuizi kiandikwe kwa herufi kubwa: HIKI NI MAFICHO, SI KINGA. Na lile tobo lisizibwe, mgeni aoneshwe kwanza kabla hajapewa risasi. Kaka alibisha mpaka jioni, halafu akachukua brashi na kuandika.

Na sisi wa vyumba vya habari? Tunatumwa na daftari na nauli ya daladala. Hakuna aliyewahi kunikalisha nusu saa aniambie kwamba mlango wa gari si kitu, afadhali upande wenye injini. Kwamba tuta la udongo au ukuta mnene wa zege ni bora kuliko kibanda. Wahariri, nusu saa tu na ubao mmoja wenye tobo.

Mimi nimesema. Zamu yenu, wadau: wewe ulijificha wapi siku yako?