Mteja akilalamika mtandaoni, mfanyabiashara Mkristo ajibu namna gani?

Siku hizi, katika miji yetu kama Bukavu, Butembo na Lubumbashi, malalamiko ya mteja hayaishii tena mlangoni pa duka. Mtu ananunua mkate, anakuta una ukungu, anaupiga picha na kuituma katika kikundi cha WhatsApp cha kartie au kwenye Facebook. Kabla ya jioni, watu ambao hawajawahi kufika katika duka hilo wameshatoa hukumu.

Wafanyabiashara wengi wa makanisa yetu wanaogopa jambo hili, na woga wao una sababu. Duka dogo halina akiba ya kungoja mpaka ukweli ujulikane. Tena, maneno juu ya chakula kibaya yanaweza kugeuka haraka kuwa maneno juu ya kabila la mwenye duka.

Lakini tujiulize kwanza kwa nini mteja ameandika. Kwa watu wengi, hakuna ofisi ya karibu ya kupeleka malalamiko kama hayo. Kwenda tribinali kwa sababu ya sare moja ya shule iliyoshonwa vibaya kungegharimu kuliko sare yenyewe. Simu ndiyo mzani uliobaki mkononi mwa mnunuzi.

Mwenye biashara aliyelaumiwa hukutana na majaribu matatu.

La kwanza ni kutisha. Sheria ya dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwa njia ya mitandao. Anaweza kufungwa mwezi 1 hadi miezi 6. Sheria hiyo inahusu uongo. Kuitumia kumtisha mama aliyesema kweli kwamba alipimiwa unga pungufu ni kumwonea mara ya pili.

La pili ni kuwaomba jamaa na wanakwaya waandike sifa za huduma ambayo hawakuipokea. Huo ni ushuhuda wa uongo, hata kama nia ni kumsaidia ndugu.

La tatu ni kujificha nyuma ya kanisa: “Yeye ni shemasi, msimwandike vibaya.” Cheo cha kanisani hakiondoi ukungu kwenye mkate. Wengine hutaja Mathayo 18:15, kwamba ndugu aonywe kwanza faraghani. Ni kweli, na mnunuzi Mkristo afanye hivyo kabla ya kuandika. Lakini andiko hilo halikutolewa ili muuzaji amnyamazishe aliyemkosea.

Basi afanye nini? Tuchukue mfano wa mama mshonaji aliyeahidi sare kabla ya masomo kuanza mwezi wa Septemba, akazitoa wiki moja baadaye. Mzazi anamlaumu mbele ya kikundi kizima. Mama asijibu akiwa na hasira. Mithali 15:1 yatukumbusha nguvu ya jibu la upole. Aangalie daftari lake: tarehe gani aliahidi, malipo gani alipokea? Kama kosa ni lake, aandike maneno machache palepale aliposemwa: “Ni kweli, nilichelewa. Nisamehe. Nitakurudishia sehemu ya malipo.” Kisha amtafute mzazi huyo na kutimiza neno lake. Asianze kueleza habari za umeme kukatika. Mteja alishaona mtoto wake akikaa darasani bila sare. Wale wanaosoma kimya watajua kwamba kwake kosa hurekebishwa.

Kama lawama ni ya uongo, Mithali 18:17 inatufundisha kwamba anayesema wa kwanza huonekana ana haki mpaka mwingine aje kumchunguza. Mwenye duka atoe uthibitisho wake mara moja, bila matusi, na amwombe msimamizi wa kikundi aondoe ujumbe huo. Uongo ukiendelea, hapo anaweza kwenda kwa wenye sheria bila aibu.

Wachungaji nao wana kazi hapa. Tunahubiri juu ya zaka ya mfanyabiashara. Tuhubiri pia juu ya kipimo chake. Jumapili mama aliyepunjwa unga na yule aliyempimia wanaketi katika ibada moja, na wote wawili wanatutazama.