Fungueni Sanduku la Bibi Kabla Hamjalitupa

Ndugu zangu wa Magomeni, Ilala na Temeke, nanyi ambao wazee wenu walihamia Mbagala au Goba na vitu vyao vyote, nina ombi moja. Kabla wiki hii haijaisha, fungueni lile sanduku lililo chini ya kitanda cha bibi.

Ombi hili linatokana na nyumba iliyoko Mtaa wa Ifunda, Magomeni, ambamo Mwalimu Nyerere na familia yake waliishi miaka ya kudai uhuru. Sasa ni makumbusho, na ni heri kwamba kuta zake bado zimesimama. Lakini fikirini jinsi mwenyewe alivyofika hapo. Mwaka 1955 alitakiwa achague kati ya kufundisha shuleni Pugu na kuongoza chama cha TANU, akaacha ualimu. Mshahara ukakatika, na nyumbani kuna mke na watoto wadogo. Aliishije mjini? Aliishi kwa watu. Abdulwahid Sykes alimpokea kwake Kariakoo. Dossa Aziz alitoa gari lake lifanye kazi ya chama. Mama Maria akauza mafuta ya taa. Bibi Titi Mohamed akawafuata wanawake kwenye vikundi vyao vya ngoma, nyumba hadi nyumba, na katika miezi michache ya mwaka huohuo wakajiandikisha TANU wapatao 5,000.

Jina la Bibi Titi tunalo, na barabara tumempa. Wale elfu tano je? Walikuwa wauza vitumbua, wasusi, wapika pombe, mama zetu na bibi zetu. Mimi nilikuwa na mmoja wao nyumbani na sikujua.

Shangazi yangu alipofariki, tulikaa uani tukigawa vitu vyake. Vijana walikuwa wameshabeba rundo la karatasi kwenda kuchoma. Katikati ya risiti za maji ikadondoka kadi ya TANU, imekunjwa mara mbili, mkunjo umeanza kukatika, jina lake limeandikwa kwa wino uliogeuka rangi ya kutu. Miaka yote tulimjua kwa maandazi yake. Nani alimwandikisha? Alitoa wapi senti za ada? Alimwambia mumewe? Hakuna tena wa kumuuliza, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Magomeni yenyewe inageuka mbele ya macho yetu. Kota za zamani zilibomolewa, na mwaka 2022 yakazinduliwa maghorofa mapya mahali pake. Sipingi, watu wanahitaji pa kulala. Ila kila ua unapovunjwa, waliokaa barazani wanatawanyika na habari zao. Nyumba ya Mwalimu itabaki, lakini mtoto atakayeingia humo atadhani mtu mmoja alileta uhuru akiwa peke yake chumbani.

Kwa hiyo tafuteni kadi, picha, barua, khanga za wakati ule. Msiiweke kadi ya zamani kwenye plastiki ile ya kubandikwa kwa moto, maana haitoki tena; bahasha ya karatasi inatosha. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli taratibu: nani huyu, wapi, mwaka gani. Kama mzee yupo hai, kaeni naye leo, washeni simu imrekodi, mwacheni aseme kwa mwendo wake hata akirudia jambo mara tatu. Kisha pelekeni kwa wahifadhi wa nyumba ya Magomeni au Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Asiyetaka kuachia kitu cha marehemu, aombe kipigwe picha arudi nacho. Na nyinyi wahifadhi, nawasihi: mtu akija na karatasi iliyochakaa, mpeni kiti, msikilizeni, andikeni jina la bibi yake.

Walimu wa shule za jirani, waleteni watoto kwenye nyumba hiyo ya Magomeni, ila waambieni kwanza wakaulize nyumbani ni nani katika ukoo wao aliyekuwa mwanachama.

Kadi ya shangazi nimeshaitia kwenye bahasha. Naipeleka Jumamosi hii. Anayetaka tuongozane, anikute Magomeni Mapipa saa tatu asubuhi.